Kingamwili na kweli ya kipimo: kutoka Paris ya 1896 hadi Rusayl ya 2020

Kipimo kimoja cha damu kinaweza kusema kweli juu ya taifa zima na papo hapo kikamdanganya mtu mmoja. Makala yetu ya historia yanafuatilia safari ya vipimo vya kingamwili, na funzo vilivyotoa wakati wa janga la korona.



Leo tunaanzia Oman, katika mji wa Rusayl, ulioko wilaya ya Seeb mkoani Maskati, pale ambapo barabara inaipa kisogo pwani na kuelekea bara, kwenye milima na mji wa kale wa Nizwa. Kwa wasikilizaji wetu wenye jamaa Oman, hasa wale ambao wazee wao walitoka Zanzibar na ambao Kiswahili kingali kikisikika barazani mwao, Rusayl si jina geni. Hapo ndipo lilipoanzishwa, mwaka 1983, eneo la kwanza la viwanda nchini humo. Maelfu ya watu hufanya kazi humo, Waomani kwa wageni, na wengi wa wageni hao wametoka Bara Hindi. Na si mbali na viwanda hivyo, upande wa Al-Khoudh, kipo Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos, kilichofungua milango yake mwaka 1986. Mwenye nyundo na mwenye darubini wamekuwa majirani.

Tarehe 24 Februari 2020 Oman ilitangaza wagonjwa wake wawili wa kwanza wa korona, wanawake wawili waliokuwa wamerejea kutoka Iran. Tarehe 1 Aprili wilaya ya Mutrah ilifungwa, na kuanzia tarehe 10 ya mwezi huo mkoa mzima wa Maskati ukafungwa hadi tarehe 29 Mei. Katika siku hizo, swali moja lilimkaa moyoni mhandisi na kibarua, tajiri na mpangaji wa kitanda katika chumba cha watu wengi: je, mimi nimekwisha kuambukizwa? Yule aliyepata homa mwezi Machi ikampita, je, ilikuwa ndiyo hiyo? Na ikiwa ndiyo, anaweza kurudi kazini, au kwenda kumwona mama yake mzee, bila ya hofu?

Watu wengi duniani waliamini kwamba jibu limo katika tone moja la damu. Ili kufahamu kwa nini jibu hilo halikuwa jepesi, hatuna budi kwanza kutenganisha vipimo viwili ambavyo mara nyingi vilichanganywa.

Kipimo cha kwanza ni kile cha PCR, ambacho kwa kawaida kilifanywa kwa kijiti chenye pamba kinachoingizwa puani. Kipimo hicho hutafuta chembechembe za urithi za kirusi chenyewe. Wasikilizaji wetu wa Tanzania watakumbuka kwamba mwanzoni mwa Mei 2020 Rais John Magufuli alisema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na zikaonekana kuwa na korona. Mzozo ule ulihusu kipimo cha namna hii, cha kutafuta kirusi.

Kipimo cha pili, ambacho ndicho kiini cha makala haya, hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda baada ya kuvamiwa. Tukitumia mfano wa mwizi, PCR humtafuta mwizi akiwa bado ndani ya nyumba, na kipimo cha kingamwili hutafuta nyayo zake mchangani. Nyayo zina faida kubwa, kwa kuwa hubaki hata mwizi akiwa ameshaondoka. Lakini zina ila tatu. Hazionekani mara tu mwizi anapoingia, kwani mwili huhitaji siku kadhaa kuunda kingamwili. Aidha, hufutika kadiri muda unavyopita. Na ila ya tatu, iliyo nzito kuliko zote, ni kwamba nyayo za mtu mmoja huweza kufanana na za mwingine.

Wasikilizaji wapenzi, ila hiyo ya tatu ina historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imeandikwa kwa damu ya watu wa Afrika Mashariki.

Mwaka 1890, mjini Berlin, Emil von Behring wa Ujerumani na Kitasato Shibasaburo wa Japani walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya ugonjwa hupata nguvu ya kuipinga sumu hiyo, na kwamba nguvu hiyo huweza kuhamishiwa kwa mnyama mwingine. Wanasayansi wengine wakajiuliza: ikiwa damu hukumbuka adui aliyepambana naye, kwa nini tusiiulize? Mwaka 1896, mjini Paris, Fernand Widal alieleza namna ya kuichanganya seramu ya mgonjwa, yaani maji ya damu, na vijidudu vya homa ya matumbo. Vijidudu vikigandamana, mgonjwa alihesabiwa kuwa na homa hiyo.

Kipimo cha Widal kilienea ulimwenguni na kimedumu kwa zaidi ya karne moja. Wasikilizaji wengi wa Afrika Mashariki wamewahi kuambiwa na zahanati kwamba wana "taifodi" baada ya kutolewa damu kidogo tu. Hata hivyo, madaktari walikwisha kutambua zamani kwamba katika nchi ambazo vijidudu vya jamii hiyo vimeenea, mtu huweza kuwa na kingamwili kwa sababu ya maambukizi ya miaka iliyopita, au kwa sababu ya vijidudu vingine vinavyofanana na vile vya homa ya matumbo. Kipimo kikasema ndiyo, dawa zikanunuliwa, na pengine homa yenyewe ilikuwa malaria.

Miaka kumi baada ya Widal, yaani mwaka 1906, August von Wassermann na wenzake nchini Ujerumani walitangaza kipimo cha damu cha kaswende. Kilipokelewa kwa shangwe, maana kaswende ulikuwa ugonjwa wa kutisha na wa aibu. Muda si mrefu ikabainika kwamba kipimo hicho huweza pia kutoa jibu la ndiyo kwa wagonjwa wa malaria na wa ukoma. Katika nchi za joto kulikuwa na tatizo kubwa zaidi, nalo ni buba, ugonjwa wa ngozi uliowashika hasa watoto vijijini na usioambukizwa kwa zinaa. Kijidudu cha buba na cha kaswende ni ndugu wa karibu mno, hata vipimo vya damu havikuweza kuwatenganisha. Mtu aliyeugua buba utotoni angeweza kupimwa ukubwani na kubandikwa jina la mgonjwa wa kaswende. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Kipimo, lakini, huweza kulisema lisilokuwapo wala lisilokuwa njiani.

Mwaka 1971 wanasayansi wawili wa Sweden, Eva Engvall na Peter Perlmann, walieleza njia mpya inayojulikana kwa ufupisho wa ELISA, ambayo hutumia vimeng'enya vinavyobadilisha rangi kingamwili inapopatikana. Ilikuwa rahisi, nafuu, na maabara moja iliweza kupima mamia ya sampuli kwa siku. Ndiyo njia iliyotumika ulipozuka UKIMWI, na mwezi Machi 1985 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha aina hiyo kwa ajili ya kuchuja damu ya msaada.

Mwaka huohuo watafiti walikifanyia kazi kipimo cha ELISA juu ya damu iliyohifadhiwa ya watoto wa wilaya ya West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, iliyochukuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kati ya sampuli 75, sampuli 50 zilitoa jibu la ndiyo. Ikiwa majibu yale yalikuwa kweli, basi thuluthi mbili ya watoto hao walikuwa wamekumbana na kirusi cha UKIMWI miaka kadhaa kabla ya ugonjwa huo kujulikana. Hayakuwa kweli. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka huo wa 1985 ulionyesha kwamba majibu ya namna ile kwa Waafrika wenye afya yalifungamana na malaria. Damu iliyokwisha kupigana na maradhi mengi ilikuwa na kingamwili nyingi za kila namna, na baadhi yake zilinasa pasipo pake.

Tusipite hapa haraka, wasikilizaji wetu. Kosa lile halikuishia katika vitabu vya maabara. Jibu la uongo juu ya UKIMWI katika miaka ile lilikuwa na uwezo wa kuvunja ndoa, kumfukuzisha mtu kazi, na kulipaka doa bara zima. Tiba ya kosa hilo ilipatikana, nayo ilikuwa nyepesi: jibu la ndiyo lisikubaliwe hadi lithibitishwe kwa kipimo cha pili kilicho tofauti na cha kwanza. Kanuni hiyo ndiyo inayofuatwa hadi leo katika vituo vya ushauri nasaha na upimaji.

Hiyo ndiyo elimu iliyokuwapo tayari ulimwengu ulipoingia katika janga la korona. Hata hivyo, hofu ina tabia ya kusahaulisha. Tarehe 16 Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu vipimo vya kingamwili kuuzwa bila ya kukaguliwa kwanza, na baada ya soko kufurika bidhaa dhaifu, tarehe 4 Mei masharti yakakazwa. Uingereza nayo iliagiza mamilioni ya vipimo vya kutumiwa nyumbani, lakini mwezi Aprili wanasayansi wa Oxford walitangaza kwamba hakuna hata kimoja kati ya walivyovijaribu kilichofaa. Haraka haraka haina baraka.

Mwezi Juni 2020 jopo la mtandao wa Cochrane lilikusanya tafiti zilizokuwapo na kutoa picha iliyo wazi zaidi. Katika wiki ya kwanza ya dalili, vipimo vya kingamwili viliwatambua wagonjwa wapatao asilimia 30 tu. Katika wiki ya pili viliwatambua asilimia 72, na katika wiki ya tatu asilimia 91. Kwa maneno mengine, aliyepimwa mapema mno aliambiwa hana, naye anayo.

Na je, hofu ya kale ya nyayo kufanana? Nayo ilithibitika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha damu iliyochukuliwa kabla ya janga nchini Tanzania, Zambia na Marekani. Ilionekana kwamba damu ya Tanzania na Zambia ilikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa kuitikia vipande vya kirusi cha korona ambacho wenyewe hawajawahi kukutana nacho. Sababu moja inayotajwa ni kwamba wapo virusi vingine vya jamii ya korona ambavyo huleta mafua ya kawaida, navyo huacha nyayo zinazokaribiana na za ndugu yao.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa Kilifi, katika pwani ya Kenya, inastahili kutajwa kwa heshima. Wanasayansi wa taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na washirika wao wa Wellcome Trust hawakutosheka na maneno yaliyoandikwa kwenye pakiti. Mwenye duka mwaminifu huikagua mizani yake kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Wao walichukua sampuli 910 za damu ya watu wa pwani ya Kenya zilizotolewa mwaka 2018, wakati ambapo hapana aliyeweza kuwa na ugonjwa huo. Sampuli 901 zilijibu hapana, na 9 zilijibu ndiyo kwa makosa. Kisha wakapima damu ya watu 179 ambao maambukizi yao yalikwisha kuthibitishwa, na kipimo kikawatambua 166.

Baada ya hapo ndipo walipopima damu ya wachangiaji 3,098 iliyotolewa kati ya tarehe 30 Aprili na 16 Juni 2020. Watu 174 walionekana kuwa na kingamwili, ambao ni asilimia 5.6. Kwa kuwa walikwisha kuijua ila ya mizani yao, walirekebisha hesabu, na kwa taifa zima wakapata asilimia 4.3. Mombasa ilikuwa asilimia 8. Wakati huo wagonjwa waliotangazwa rasmi Kenya walikuwa elfu chache tu. Tone la damu lilifichua kwamba maambukizi yalikuwa mengi mno kuliko yaliyokuwa yakihesabiwa.

Sasa turudi Oman. Mwezi Julai 2020 Wizara ya Afya ya nchi hiyo ilianzisha uchunguzi wa kitaifa wa kingamwili katika mikoa yote, kwa mizunguko minne. Watu 17,457 walishiriki. Katika mzunguko wa kwanza, asilimia 5.5 walikutwa na kingamwili. Katika mzunguko wa nne kiwango kilipanda hadi asilimia 22.

Ndani ya takwimu hizo mna habari ya watu. Mwanzoni wageni ndio walioathirika zaidi, asilimia 9.1 dhidi ya 3.2 kwa Waomani. Kufikia mzunguko wa nne mambo yaligeuka: Waomani asilimia 24.3, wageni asilimia 16.8. Ugonjwa ulikuwa umetoka katika mabweni ya wafanyakazi na kuingia katika majumba ya ukoo. Uchunguzi ulionyesha pia kwamba vibarua walikuwa katika hatari iliyozidi ile ya watumishi wa ofisini kwa asilimia 58. Kwa mahali kama Rusayl, ambapo kazi haifanyiki kwa simu wala kwa kompyuta ya nyumbani, hiyo ilikuwa habari nzito.

Huenda msikilizaji akauliza: kama kipimo kina makosa, mbona tunaziamini takwimu hizo? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu ya leo, na tutatumia mfano wa kubuni. Tuseme viwandani Rusayl wanapimwa watu 2,000, na kipimo kina usahihi wa asilimia 95 kwa aliyeambukizwa na asilimia 95 kwa asiyeambukizwa. Mtu akisikia asilimia 95 huona hilo ni jambo la kutegemewa.

Tuseme tena kwamba ni mwanzo wa janga, na walioambukizwa ni asilimia 5, yaani watu 100. Kipimo kitawatambua 95. Waliosalimika ni 1,900, na asilimia 5 kati yao, yaani watu 95, wataambiwa kwa makosa kwamba waliambukizwa. Majibu ya ndiyo ni 190, na nusu yake ni uongo. Anayeshika karatasi ya ndiyo mkononi hana uhakika zaidi ya yule anayerusha sarafu.

Sasa tuseme miezi imepita na walioambukizwa wamefika asilimia 22, yaani watu 440. Kipimo kilekile kitawatambua 418, na kati ya 1,560 waliosalimika kitawakosea 78. Majibu ya ndiyo ni 496, na takriban asilimia 84 ni kweli. Kipimo hakikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni watu waliopimwa.

Mtaalamu wa takwimu anayejua ukubwa wa kosa huweza kuliondoa katika hesabu ya watu 2,000, kama walivyofanya wa Kilifi. Lakini haiwezekani kuliondoa kosa hilo katika maisha ya mtu mmoja. Hakuna hesabu itakayomwambia kibarua fulani kama yeye yumo katika nusu ya kweli au nusu ya uongo, isipokuwa apimwe tena kwa njia nyingine.

Na madhara ya kukosea yalikuwa makubwa. Katika miezi ile baadhi ya nchi, ikiwemo Chile, zilizungumzia kutoa vyeti kwa waliokwisha kupona. Tarehe 24 Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba hapakuwa na ushahidi kuwa mwenye kingamwili amekingika asiambukizwe tena. Hebu tafakari maana ya cheti kama hicho kwa mfanyakazi anayelala chumba kimoja na wenzake. Mwenye jibu la ndiyo la uongo angerudishwa mbele ya hatari akidhani amevaa ngao. Mwenye jibu la hapana angenyimwa kazi. Na maskini angeshawishika kujitafutia ugonjwa ili apate karatasi.

Tarehe 27 Desemba 2020 Oman ilianza kutoa chanjo, na hapo swali la kipimo likachukua sura nyingine. Mwili uliochanjwa nao huunda kingamwili dhidi ya miiba ya kirusi. Kwa hiyo kipimo kinachotafuta kingamwili za miiba peke yake hakiwezi kutofautisha aliyeugua na aliyechanjwa kwa chanjo zinazoulenga mwiba. Ilibidi kutafuta pia kingamwili za kiini cha kirusi, ambazo chanjo za aina hiyo haziziundi. Nchini Kenya, kati ya Januari na katikati ya Machi 2021, karibu nusu ya wachangiaji damu waliopimwa walikuwa na kingamwili. Wengi wao hawakuwahi kuingia katika orodha ya wagonjwa.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba korona si tena dharura ya afya ya kimataifa. Barabara ya Nizwa imejaa magari kama zamani, na milango ya viwanda vya Rusayl i wazi. Damu ya wengi waliopita humo ingali na kumbukumbu ya miaka ile, ingawa nyayo zinaendelea kufifia.

Wasikilizaji wapenzi, tangu Paris ya Widal, kupitia West Nile na Kilifi, hadi Maskati, damu imekuwa shahidi, na kila shahidi ahitaji kuhojiwa. Yafaa aulizwe aliona lini, aliona kwa umbali gani, na kama hakumfananisha mtu na mwingine. Janga jingine litakapokuja, na mtu akakuletea kipimo kipya akisema kina usahihi wa asilimia 95, muulize kwanza: kwa watu gani, siku ya ngapi, na jibu litathibitishwa kwa nini? Swali hilo halihitaji maabara, nalo huenda likamwokoa mtu.